Samaki mmoja akioza: bakodi na namba ya bechi kwa msindikaji mdogo

Hotuba kwa wasindikaji wadogo wa vyakula, Morogoro

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu shikamooni, na ninyi wenzangu, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie bakodi, ile michoro ya mistari kwenye lebo ambayo mashine ya kaunta inaisoma. Wataalamu wa lugha wanaiita msimbo pau, wengine msimbomilia, na nitafurahi siku tukiyazoea majina hayo. Leo nitasema bakodi kwa sababu ndilo neno mlilonipokea nalo pale mlangoni. Kabla sijaanza kazi hii ya kuwasaidia wasindikaji, nilikuwa stoo ya supamaketi, Dar es Salaam, kitengo cha kupokea mizigo. Mnapogonga mlango wa nyuma na katoni zenu begani, mimi ndiye niliyekuwa nafungua.

Alikuwepo mama mmoja akituletea siagi ya karanga. Ukifungua katoni yake, stoo nzima inanukia karanga zilizokaangwa. Lebo yake imechapwa vizuri, alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, anayo, bakodi anayo. Siku moja mteja akarudisha kopo. Chini ya kifuniko kulikuwa na ukungu wa kijani, upana wake kama sarafu. Meneja akaniuliza swali moja: hili limetoka kwenye mzigo upi?

Nikaligeuza kopo. Juu ya kifuniko palikuwa na tarehe ya mwisho wa matumizi, imeandikwa kwa maka peni, na wino umefutika nusu kwa kushikwashikwa. Namba ya bechi, yaani ya upishi kopo lilikotoka, hakuna. Nikafungua kompyuta. Ikaniambia tumepokea siagi ile mara tano ndani ya miezi miwili, mara zote kwa namba ileile ya bakodi. Kwa kompyuta, kopo la mwezi wa kwanza na kopo la mwezi wa tatu ni kitu kimoja.

Meneja akasema, toa yote. Tukatoa yote, kwenye rafu na kwenye stoo, na tukapiga simu matawi mengine watoe.

Yule mama alikuja na Kirikuu kuchukua mzigo wake. Hakuupakia. Alikaa chini sakafuni, pale tunaposhushia, akaanza kufungua kopo mojamoja, anaangalia chini ya kifuniko, ananusa, anaweka pembeni. Mafungu mawili. Alipomaliza, fungu la makopo mabaya lilikuwa na makopo kumi na mawili tu. Akakumbuka mwenyewe: kuna siku umeme ulikatika, makopo yakajazwa kabla hayajakauka vizuri baada ya kuoshwa. Upishi mmoja wa siku moja. Yale mengine yote, mazima kabisa, yalikuwa sasa yameshafunguliwa na hayauziki tena. Hati ya kumrudishia mzigo niliiandika mimi kwa mkono wangu, na hakuitwa tena kuleta.

Wahenga wetu walisema samaki mmoja akioza, wote wameoza. Stooni hiyo ni taratibu ya kazi. Usipoweza kumwonyesha meneja ni samaki yupi, anamwaga tenga zima, na sitamlaumu, maana na yeye ana wateja wenye watoto nyumbani. Nilichokuja kuwaambia leo ni namna ya kumtoa samaki mmoja bila kumwaga tenga.

Tuanze na bakodi yenyewe, kwa sababu wengi mnaitegemea kwa kazi ambayo haiifanyi.

Bakodi haina bei ndani yake. Haina tarehe, haina jina lako, haina namba ya simu. Ina namba tu, kwetu huku ni tarakimu 13, na ile michoro ni namba hiyohiyo imeandikwa kwa mistari ili mashine iione. Skana inasoma namba, inaipeleka kwenye kompyuta ya duka, kompyuta inaangalia orodha yake: namba hii ni asali, gramu 500, bei ya leo kiasi fulani, zimebaki 31. Keshia akishaipitisha, 31 inakuwa 30. Duka la jirani lina orodha yake na bei yake kwa namba ileile. Ndiyo maana bei ikipanda huhitaji kuchapa lebo mpya.

Na ndiyo maana kila bidhaa na kila ujazo unahitaji namba yake. Nimepokea juisi ya ukwaju ambayo nusu lita na robo lita zote zimebandikwa namba moja, eti kupunguza gharama. Mwisho wa juma mzima nusu lita iliuzwa kwa bei ya robo. Jumatatu tunahesabu rafu, hesabu haikubaliani na kompyuta hata kidogo, na anayeulizwa ni msichana wa kaunta ambaye hakukosea chochote.

Namba hizi zinatolewa na shirika la kimataifa linaloitwa GS1, na hapa nchini kuna GS1 Tanzania. Namba zinazotolewa hapa zinaanza na 620. Za Kenya zinaanza na 616. Naomba hili mlishike, kwa sababu nasikia watu wanabishana nalo kila siku: hizo tarakimu tatu zinaonyesha ofisi ya nchi gani imetoa namba. Hazisemi bidhaa imetengenezwa wapi. Kampuni yenye namba ya 620 inaweza kufungasha kiwandani nje ya nchi, na bado namba ni 620.

Kuna vijana wa steshenari watakuchorea bakodi kwa bei ya soda. Programu za kuchora zipo bure, kuchora si kazi. Unacholipia GS1 ni namba iliyoandikishwa kwa jina lako, ambayo hakuna mwingine duniani atapewa. Nimewahi kupitisha asali kwenye skana, asali nzuri kabisa, na mashine ikaandika sabuni ya mche. Mwenye asali alikuwa ameuziwa namba ya mtu. Tulimrudisha na katoni zake palepale mlangoni, na alikuwa amesafiri usiku kucha.

Tarakimu ya mwisho ya bakodi ni mlinzi. Chukueni namba niliyoibuni mwenyewe: 620123456789. Hizo ni tarakimu 12. Jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano, ukiruka hivyohivyo hadi ya 11: unapata 26. Jumlisha zilizobaki: 27, zidisha mara tatu, 81. Ukiziweka pamoja ni 107. Ili ifike 110 inahitaji 3, basi tarakimu ya 13 ni 3. Skana inapiga hesabu hiyo kila inaposoma, kwa kasi ambayo huioni. Mstari mmoja ukisomwa vibaya, jumla inakataa na mashine inanyamaza badala ya kuuza kitu kisicho sahihi. Nimemwona mama mmoja wa unga wa lishe akiifanya hesabu hii kwa kidole juu ya vumbi la meza, akagundua kwamba mchapaji alikosea namba yake, kabla lebo hazijatoka kiwandani. Nilimpigia makofi.

Sasa nataka niwasimulie ilikotoka, maana humo ndimo mtaona kwa nini peke yake haitoshi.

Mwaka 1948, Philadelphia, Marekani, mkuu wa kampuni moja ya maduka ya vyakula alikwenda chuo cha Drexel kumwomba mkuu wa kitivo amtafutie njia ya kusoma bidhaa kwa haraka pale mteja anapolipa. Alikataliwa. Lakini mwanafunzi mmoja, Bernard Silver, aliyasikia mazungumzo, akamweleza rafiki yake Norman Joseph Woodland. Woodland alikwenda kukaa Miami, na mwezi Januari 1949 alikuwa ameketi ufukweni akiwaza. Msimbo wa Morse aliujua tangu skauti, ile lugha ya nukta na mistari ya simu za zamani. Akachomeka vidole vinne mchangani, akavivuta kuelekea kwake. Ikabaki michirizi minne. Akaona: badala ya nukta na mistari mifupi, naweza kuwa na mistari mipana na myembamba. Hataza yao, hati ya kulinda ubunifu, ilitoka tarehe 7 Oktoba 1952, na humo waliuchora pia kwa umbo la duara, kama shabaha ya kulengea mishale.

Ikalala miaka zaidi ya ishirini, kwa sababu kompyuta zilikuwa kubwa na ghali mno kuwekwa dukani. Mwezi Aprili 1973 wenye viwanda na maduka ya vyakula Marekani walichagua muundo wa mistari iliyosimama, kazi ya George Laurer wa IBM. Duara lilishindwa kwa jambo ambalo kila mmoja wenu aliyewahi kwenda kwa mchapaji analijua: wino hutapakaa kuelekea upande karatasi inakokwenda. Duara likitapakaa linaharibika. Mstari uliosimama ukitapakaa kwa urefu wake, unakuwa mrefu zaidi kidogo, basi, na unasomeka. Tarehe 26 Juni 1974, saa mbili na dakika moja asubuhi, kwenye supamaketi ya Marsh mjini Troy, Ohio, pakiti ya bazoka za Wrigley's Juicy Fruit ilipitishwa kwenye skana na kuuzwa senti 67. Ndiyo ya kwanza.

Rudini kwa yule mwenye maduka wa mwaka 1948. Alikwenda chuoni na swali gani? Foleni yangu ya kaunta iende haraka. Hakuuliza kopo hili limepikwa siku gani, na nani, kwa karanga za shamba lipi. Bakodi ilijibu alichouliza na inaendelea kujibu hivyohivyo. Inamwambia keshia hiki ni kitu gani. Anayetaka kujua hiki ni kipi kati ya vingi vinavyofanana, inabidi aandike kitu kingine.

Kitu hicho ni namba ya bechi, na haihitaji ofisi yoyote ikupe. Unajipa mwenyewe. Unahitaji daftari na mhuri wa mkono, ule wa tarakimu za kuzungusha, wenye wino unaoshika kwenye plastiki.

Nitawaonyesha ukurasa mmoja kama ninavyopenda uwe. Bechi 1403A. Maana yake tarehe 14 mwezi wa tatu, upishi wa asubuhi. Karanga, magunia mawili, zimetoka kwa mkulima fulani, zimepokelewa tarehe 9, zilipopimwa unyevu zilikuwa sawa. Makopo yametoka kwa muuzaji fulani, risiti imebanwa hapa. Aliyekaanga fulani, aliyejaza fulani. Yametoka makopo 96. Mawili yamebaki kabatini kama sampuli. Arobaini na manane yamekwenda supamaketi, ishirini na manne duka la Kihonda, ishirini na mawili kwa wateja wa mkononi. Jumlisheni muone kama inatimia 96. Isipotimia, kuna makopo yanayotembea bila wewe kujua yaliko.

Kisha, na hapa ndipo wengi mnaachia kamba, namba hiyohiyo iandikwe kwenye hati ya kupeleka mzigo. Bechi ikiwa kwenye kopo lakini haipo kwenye hati, mtunza stoo hawezi kukusaidia. Akisaini hati yenye bechi, siku ya matatizo unampigia simu: toa 1403A peke yake, zilikuwa katoni mbili, nilizileta tarehe 16. Katoni mbili zinashuka kwenye rafu. Zilizobaki zinaendelea kuuzwa, na meneja anajua anashughulika na mtu anayejua kazi yake. Wenye viwanda vikubwa wanaita hatua moja nyuma na hatua moja mbele: ujue kila kilichoingia kimetoka kwa nani, na kila kilichotoka kimekwenda kwa nani. Kila mmoja kwenye mnyororo akiweka hatua zake mbili, unaweza kulifuata kopo kutoka mezani kwa mteja hadi shambani. Wateja wa mkononi nao waandikie simu zao, wakikubali.

Mnaweza kudhani hii ni habari ya makopo tu. Kumbukeni tarehe 5 Machi 2021. Mamlaka ya kilimo na chakula ya Kenya ilisimamisha mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu. Mahindi yote. Kuna mkulima aliyekausha mahindi yake juu ya turubai, akayapima, akayahifadhi kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na kuna aliyeyaacha yanyeshewe. Siku ile wote wawili walikuwa mahindi ya Tanzania. Siku chache baadaye zuio likaondolewa, kwa masharti, na masharti yenyewe yanafundisha: waagizaji waandikishwe, na kila shehena iende na cheti kinachoonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Yaani ilibidi shehena ya mtu ipewe utambulisho wake ili itengwe na shehena ya mwingine. Lile ni tenga la nchi nzima. Inaniuma kila nikilikumbuka, kwa sababu waliolipa zaidi ni wale waliokuwa wamefanya kazi vizuri.

Sasa mambo ya lebo, haraka, maana hapa ndipo fedha zenu zinapotea.

Skana nyingi za kaunta zinatumia mwanga mwekundu. Mstari mwekundu ukipigwa mwanga mwekundu unarudisha mwanga kama karatasi nyeupe, kwa hiyo mashine haioni kitu. Naijua rangi ya pilipili inavyopendeza, lakini mistari iwe nyeusi, au bluu ya kukolea, au kijani cha kukolea. Mandhari ya nyuma iwe nyeupe. Hata nyekundu inafaa kuwa nyuma ya mistari myeusi, ajabu lakini ndivyo. Mfuko unaoonyesha ndani bila kibandiko cheupe haufai, kwa sababu skana inaona dagaa badala ya mistari.

Ukubwa wa kawaida ni kama milimita 37 kwa 26, pamoja na nafasi nyeupe za pembeni. Unaweza kupunguza hadi asilimia 80 ya hapo, usishuke zaidi. Zile nafasi nyeupe kushoto na kulia ni sehemu ya bakodi. Ndizo zinazoiambia mashine mistari inaanzia wapi na kuishia wapi. Mchapaji anayezikata ili jina lako lipate nafasi anakuharibia. Na kwenye chupa nyembamba, za mafuta ya nazi kwa mfano, ilaze bakodi ili mistari ipangane kama vipago vya ngazi. Ikizunguka mwili wa chupa, mistari ya pembeni inajificha kwenye mviringo.

Katoni nayo iwe na namba yake, tarakimu 14, ili stoo ipokee katoni ya 24 kwa mpigo mmoja bila kuifungua. Kama bado unapeleka katoni tatu kwa mwezi, subiri. Hilo si la leo.

Msichanganye bakodi na stempu ya kodi ya kielektroniki mnayoiona kwenye vinywaji. Ile ni ya TRA, Mamlaka ya Mapato, na kila stempu ina utambulisho wake, chupa kwa chupa. Kazi tofauti, ofisi tofauti.

Kinachokuja ni msimbo wa mraba, wa aina ya QR mnaolipia kwa simu. Ulibuniwa Japani mwaka 1994, kwenye kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari. Tazameni tofauti ya chimbuko: huu ulizaliwa kwa kufuatilia. Unabeba namba ya bidhaa, bechi na tarehe ya mwisho wa matumizi pamoja. GS1 imeweka lengo kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 2027 kaunta za maduka duniani ziweze kusoma msimbo wa mraba sambamba na bakodi ya mistari. Kaunta ikiunganishwa hivyo, kopo lililopitwa na tarehe linakataliwa na mashine yenyewe kabla mteja hajalipa, na bechi moja inaweza kufungiwa nchi nzima kwa dakika chache. Nautamani sana wakati huo. Lakini mashine itauliza bechi, na bechi inatoka kwenye daftari lako. Asiyekuwa na daftari atachapa mraba mtupu.

Muda wangu umekaribia, na naona akina mama wa nyuma wameshaanza kutoa chupa kwenye vikapu, jambo linalonifurahisha. Pale kwenye meza ya dirishani nimeweka skana na kompyuta ndogo. Njooni na bidhaa zenu tuzipitishe mojamoja. Mashine ikisoma, tutageuza kopo tutafute bechi. Isiposoma, tutaangalia rangi, ukubwa na zile nafasi nyeupe, na nitakuandikia kwenye karatasi cha kumwambia mchapaji wako. Nina mihuri mitatu ya mkono ya kujaribia, na daftari nimelipigia mistari tayari. Tutaanza na mama wa pilipili aliyekaa safu ya pili. Mama, hiyo mistari yako nimeiona tangu niliposimama hapa. Ni myekundu.